Jino la Chiriku na Kigae cha Bafuni

Fundi alikuwa haamini kitu mpaka akigonge.

Kazi yake ilikuwa kutandika vigae: jikoni, bafuni, madukani, popote alipoitwa. Akimaliza sakafu hakuridhika kuitazama. Alipiga magoti, akageuza mwiko, akagonga kila kigae kwa mpini wake, kuanzia pembeni hadi mlangoni. Kigae kilicholala vizuri kilitoa sauti fupi na nzito. Kigae chenye uwazi chini yake kililia tupu, kama boksi lisilo na kitu. Hicho alikibandua hapo hapo, hata kama mwenye nyumba alisema hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," alijibu.

Tabia hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Ukimwambia jambo, aliligonga kwa maswali. Nani kasema? Saa ngapi? Na wewe ulikuwa wapi? Mkewe alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha mikate. Alirudi amechoka, na bado aliulizwa kwa nini amechelewa dakika kumi. Mke huyo alizoea kusema kwamba angeolewa na polisi angepumzika zaidi, maana polisi ana siku ya kutokuwa kazini.

Nyumbani walikuwa wanne: fundi na mkewe, binti yao wa miaka kumi na minne, na mama mzazi wa mke. Binti waliyezoea kumwita Chiriku alikuwa na maneno mengi. Alianza kuzungumza alipofumbua macho, na hakunyamaza hata mswaki ukiwa mdomoni. Bibi yeye alikuwa mtu wa kujiheshimu. Meno yake yote yalikuwa ya bandia, ya juu na ya chini. Akienda kulala aliyatia ndani ya glasi ya maji, akaificha glasi katika kabati dogo juu ya sinki la bafuni. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, alijifunika mtandio mdomoni akaenda kuyavaa. Miaka sita alikaa pale, na mkwe wake hakuwahi kumwona bila meno.

Meno ya Chiriku yalikuwa yake mwenyewe, ila yalibanana. Yale ya mbele, juu, yalipandana kama watu wanaogombea kiti kimoja. Wazazi walimpeleka kwenye kliniki ya meno. Daktari, mwanamke mpole asiyependa haraka, alimpiga picha ya eksirei na kumwandika kwenye orodha. Walisubiri miezi miwili. Kisha Chiriku akafungwa waya. Kila mwezi alirudi, waya ukakazwa kidogo, na meno yakasogea kidogo. Fundi aliyakagua kwa jicho moja, kama anayekagua mstari wa vigae ukutani, akakubali kwamba kazi inaonekana.

Mwezi wa nne alianza kuona mambo.

Chiriku alipunguza maneno. Hilo peke yake lilitosha kumnyima mtu amani. Halafu alikuwa anatafuna upande mmoja, kichwa kimeinama kama anayesikiliza bega lake. Bibi, bila kuombwa, alimkatia maganda ya mkate na kumwekea sehemu laini tu. Fundi alipouliza sababu, Bibi alisema mtoto huyu hajapenda maganda tangu zamani. Alisema haraka mno. Fundi alikumbuka vizuri kwamba Chiriku alikuwa akigombania maganda na mama yake. Aliliweka moyoni.

Jumapili moja Chiriku alikaa dirishani akifanya hesabu za shule. Alipiga miayo. Mwanga uliingia mdomoni, na fundi akaona jino moja la mbele, la kulia, ambalo halikufanana na jirani yake. Lilikuwa na ujivu kidogo, kama karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya maandishi.

"Hebu fungua mdomo tena."

"Ni kivuli tu, Baba."

"Kivuli cha nini, na jua liko mbele yako?"

Bibi aliinuka, akasema ana maji jikoni yanachemka. Fundi aligeuka kutazama. Jiko lilikuwa limezimwa. Macho yake yalimfuata mama mkwe mpaka akaingia chumbani, lakini mtu hamhoji mama mkwe kama anavyomhoji mtoto. Alimeza swali lake.

Kesho yake alikuwa kliniki na Chiriku kabla milango haijafunguliwa.

Daktari alichukua pamba yenye baridi kali, akaigusisha kwenye meno ya mbele, moja baada ya jingine. Kila jino lilipoguswa Chiriku alishtuka. Kwenye lile la ujivu hakushtuka. Alikuwa hajui hata kama ameguswa. Kisha daktari akageuza kioo chake kidogo, akagonga meno kwa mpini. Fundi, aliyekuwa amesimama ukutani kwa kununa, alijikuta amesogea hatua mbili ili asikie.

Walipiga picha mpya. Daktari aliiweka kwenye skrini kando ya ile ya kwanza. Mizizi ya meno mengine ilikuwa mirefu, yenye ncha. Mzizi wa jino lile ulikuwa umelika nchani, kama penseli iliyotafunwa. Kwenye picha ya kwanza ulikuwa mzima.

"Jino hili limewahi kugongwa?" daktari aliuliza.

"Halijawahi," fundi alijibu.

"Namuuliza na mwenyewe."

Chiriku alikuwa ameikazia macho taa iliyo juu yake. Alitikisa kichwa. Mikono yake ilishika kiti kwa nguvu, na daktari aliiona ile mikono.

Alieleza taratibu. Waya unaweza kupunguza kidogo ncha za mizizi, na mara nyingi huwa ni meno kadhaa. Jino moja kufa ganzi, kubadilika rangi na kulika kiasi kile peke yake ni jambo la kutilia shaka. Huenda kuna kilichotokea kati ya picha ya kwanza na siku ya kufunga waya. Kwa hiyo siku hiyo angelitoa jino kwenye waya, lisivutwe tena. Jumatatu inayofuata warudi, na wiki hiyo nzima nyumbani wakumbuke vizuri.

Fundi alisikia kitu kimoja tu. Katika kazi yake aliwajua mafundi wanaobandika vigae ovyo, na vikibanduka huwa wa kwanza kuuliza: nani amekanyaga?

"Daktari, si nyinyi mliokaza kupita kiasi?"

Daktari hakukasirika. Alimwonyesha kadi ya Chiriku, kila mwezi na nguvu iliyowekwa. Ilikuwa ndogo. "Nimejiuliza hilo kabla yako, baba," alisema. "Nikikosea nitasema. Lakini nisipojua jino hili limepitia nini, nitalitibu kwa kubahatisha. Na jino likiendelea kulika, halitabaki."

Njiani fundi alitangulia kwa hatua ndefu. Chiriku alimfuata, mkono mdomoni. Wote wawili walikuwa wamelisikia lile la mwisho.

Usiku huo nyumbani fundi alitoa hukumu yake. Wameharibu, sasa wanatafuta wa kumbebesha lawama. Chiriku hatarudi huko Jumatatu. Kuna mtu mmoja, nyuma ya duka la kutengeneza simu, anaitwa Koleo. Huyo naye hufunga waya. Fundi alikuwa amempitia jioni hiyo, na Koleo alimwambia kwamba wale wa kliniki wanabembeleza mno. Meno ni kama watoto wa shule, alisema, ukiyabana yanapanga foleni yenyewe. Jino lililofunguliwa angelifunga tena na kulivuta kisawasawa, na baada ya miezi miwili mtoto angecheka mbele ya kamera. Miadi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mkewe aliweka chini kikombe chake. Aliuliza Koleo amesomea wapi. Fundi alisema mikono yake inajua.

"Mteja akitaka kukanyaga vigae siku ile ile ulipovitandika, wewe humwambia nini?" mke aliuliza.

"Ile ni gundi. Meno si gundi."

"Wewe huyu, unayemshuku hata muuza nyanya, Koleo hukumgonga hata mara moja?"

Fundi aliondoka kwenda kuosha ndoo zake. Mkewe naye hakuwa na hakika. Daktari aliuliza swali, mtoto akakataa, na mtoto wake hakuwa mwongo. Au alikuwa? Wiki ile, ndani ya nyumba ile, kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Chiriku alipiga mswaki kwa kufunga mlango. Bibi alikula kidogo, na mara mbili alimwita mjukuu wake chumbani wakanong'ona. Fundi alipopita mlangoni minong'ono ilikatika.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa tayari mapema. Alivaa shati la kutokea, akaingia bafuni kunawa. Kulikuwa na zulia dogo mbele ya sinki. Bibi ndiye aliyelileta miezi mitano iliyopita, siku chache baada ya fundi kutandika sakafu mpya. Alisema miguu yake haipatani na baridi. Siku hiyo zulia lilikuwa limelowa, kwa hiyo fundi alilivuta pembeni, akasimama peku mahali lilipokuwa.

Kigae kililia chini ya kisigino chake.

Aliinua mguu. Akakanyaga tena. Kisha akaenda kuchukua mwiko, akapiga magoti na shati lake la kutokea, akaanza kugonga. Vigae vya pembeni vilitoa sauti nzito. Vya ukutani, nzito. Kile kilichokuwa chini ya zulia kililia tupu, na kona yake moja ilikuwa imekaa juu kidogo kuliko wenzake. Kazi kama hiyo hakuwahi kuifanya katika maisha yake. Mtu alikikanyaga kikiwa kibichi, kikahama, halafu akakirudisha kwa mkono.

Alikumbuka siku ile. Aliianza kazi alfajiri na kuimaliza alasiri. Alifunga kamba mlangoni, akawaambia wote kwamba kwa saa ishirini na nne hata paka asipite. Watumie choo cha jirani. Kisha akaenda kumwonyesha mteja sampuli.

"Nani alivuka kamba yangu?" aliuliza.

Hakupaza sauti. Mkewe alitoka jikoni, akasema siku ile alikuwa zamu ya mchana. Chiriku alikuwa amesimama ukumbini na viatu mkononi.

"Ni mimi, Baba," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Ulisahau kamba iliyokufika kifuani?"

Chiriku aliangalia chini. Fundi alisema watalizungumza wakirudi, sasa avae viatu, saa nne inakaribia na Koleo anasubiri. Chiriku aliinama kuvaa. Machozi yalimdondokea kwenye kamba za viatu.

Hapo mlango wa chumba cha Bibi ukafunguka.

Bibi alikuja mpaka katikati ya ukumbi. Alivuta kiti, akakaa. Halafu alipeleka mkono mdomoni, akatoa meno ya juu, akatoa ya chini, akayaweka mezani mbele ya mkwe wake. Mashavu yake yaliingia ndani. Fundi aligeuza uso, kwa heshima.

"Nitazame, mwanangu," Bibi alisema. Maneno yalitoka laini, hayana pa kushikia. "Nilimtuma akaniletee haya."

Alieleza yote. Siku ile fundi aliamka kabla yake. Bibi alipotaka kwenda bafuni alisikia ndoo, akajua amechelewa, na glasi iko ndani ya kabati. Alijifungia chumbani mchana kutwa, akasingizia kichwa. Alikuwa na njaa, lakini zaidi alikuwa na aibu. Fundi alipoondoka alimwita Chiriku, akamwambia avuke kamba upesi, anyate, amletee glasi. Chiriku alivuka vizuri. Wakati wa kurudi alikanyaga kigae kikateleza chini yake. Glasi hakuiachia. Alianguka na mdomo wake ukagonga ukingo wa sinki.

"Alinilindia meno yangu, akaumiza lake," Bibi alisema. "Jino lilikuwa limerudi nyuma, linacheza. Nilifunga kitambaa kwenye kidole gumba, nikalisukuma mpaka mahali pake. Kigae nacho tukakisukuma. Damu tukaosha. Baada ya wiki jino likakaza. Nikasema limepona."

Fundi alikumbuka mdomo uliovimba. Wakati ule Bibi alisema Chiriku ameumwa na mdudu. Yeye akauliza mdudu gani, wa rangi gani, aliingilia wapi, mpaka mtoto akalia na yeye akaacha.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza, na safari hii lilikuwa swali la kweli.

"Katika nyumba hii mtu akikosea hasemi, anajitetea," Bibi alijibu. "Nilimwapisha mtoto. Kosa ni langu. Ningeweza kunyamaza mpaka nife. Lakini nimesikia huyo Koleo anataka kulivuta. Mimi najua kukaa bila meno, mwanangu. Usimpeleke."

Saa nne ilifika, ikapita. Hakuna aliyekwenda kwa Koleo. Fundi alikaa kwenye kizingiti cha bafu na mwiko wake, akikitazama kile kigae. Mkewe aliketi kando yake. Akauchukua ule mwiko mkononi mwake.

Jumatatu walikwenda wote wanne. Bibi alisimulia upya mbele ya daktari, meno yake yakiwa mdomoni. Daktari aliandika kila neno: siku, jino lilivyokaa, lilisukumwa vipi, lilikaza baada ya siku ngapi. Ilikuwa wiki tatu kabla ya waya.

"Kulirudisha mahali pake si kosa kubwa, Bibi," alisema. "Lakini siku ile ile lilihitaji daktari. Lingeshikizwa kwa jirani zake wiki chache, na waya ungesubiri. Nami nina langu. Siku ya kufunga waya niliuliza tu, sikupiga picha upya. Kuanzia sasa, mtu akikaa miezi miwili kwenye orodha, nitampiga upya."

Fundi alimtazama kwa makini. Alitafuta ujanja katika maneno yale, hakuupata.

Daktari alichukua kipande cha karatasi, akachora jino na mfupa. Watu wengi, alisema, hudhani jino limekaa ndani ya mfupa kama msumari ndani ya ubao. Sivyo. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba, laini, wenye nyuzinyuzi. Waya ukisukuma jino polepole, mwili hula mfupa kidogo upande wa mbele na kujenga mfupa upande wa nyuma. Ndivyo jino linavyotembea. Mfupa unaliwa, mzizi unasalimika, kwa sababu utando ule unaulinda.

"Sasa jino likigongwa likahama, utando unachanika. Mshipa ulio ndani ya jino nao unaweza kukatika. Ukisubiri, mara nyingi utando unapona. Ukilivuta kabla haujapona, mwili unaokula mfupa unaanza kula na mzizi. Kwa macho jino linaonekana zima na limekaza. Huko ndani linaisha."

Fundi alikuwa ameinamia karatasi.

"Juu limekaza, chini bado bichi," alisema.

"Hivyo hivyo."

"Na mimi nikalileta likanyagwe."

Aliuliza mtu asubiri muda gani. Daktari alisema inategemea jino limeumia vipi. Lililotikiswa kidogo tu bila kuhama, karibu miezi mitatu ya kuangaliwa. Lililohama au kung'oka likarudishwa, miezi sita hadi mwaka, na picha za mara kwa mara. Baada ya hapo linaweza kusukumwa, ila kwa nguvu ndogo kabisa. Na mtu yeyote anayefungwa waya, kama jino lake liligongwa hata miaka iliyopita, aseme. Hakuna anayeadhibiwa kwa kusema.

"Je, kuna jino lisilosogea kabisa?" mke wa fundi aliuliza.

Daktari alisema lipo. Jino lililoumia vibaya linaweza kuganda na mfupa, utando wote ukapotea. Hilo ukilivuta halitoki mahali pake, na jirani zake wazuri ndio wanaohama. Jino la namna hiyo hutambulika kwa picha, na mara nyingi hata kwa sauti. Likigongwa hulia juu, kama chuma.

Fundi aliomba asikie la Chiriku. Daktari alicheka kidogo, akamwita karibu. Aligonga jirani wa kushoto, akagonga jino la ujivu, akagonga wa kulia. Fundi alifumba macho. Aliomba arudie. Daktari akarudia.

"Halilii juu," fundi alisema. "Linalia kama wenzake."

"Ndiyo. Halijaganda. Tuna nafasi."

Siku hiyo daktari alilisafisha jino ndani, akatoa mshipa uliokufa, akatia dawa ya kuzuia mzizi usiendelee kulika. Chiriku alichomwa sindano ya ganzi na hakusikia maumivu. Baadaye lilizibwa kabisa. Waya haukukazwa tena. Uliachwa ushikilie tu meno mengine yasirudi, na jino lile liliachwa nje ya waya lipumzike. Kila miezi mitatu ilipigwa picha.

Mwaka mzima ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye miaka kumi na minne. Wenzake shuleni walimuuliza kama waya wake umeota kutu. Alipolalamika nyumbani, fundi alimwambia kitu kimoja tu: kamba iko mlangoni, hatuvuki.

Naye hakukaa bure. Alikibandua kile kigae, akakwangua gundi ya zamani, akakitandika upya. Kisha alienda chumbani kwa mama mkwe wake na pima maji, akaomba ruhusa ya kutoboa ukuta. Alimtengenezea rafu ndogo karibu na kitanda, ya vigae vyeupe, yenye upana wa glasi moja. Bibi alingoja siku mbili nzima kabla ya kuweka kitu juu yake.

Picha ya tatu ilionyesha kwamba mzizi umeacha kulika. Ya nne ilionyesha vivyo hivyo. Mzizi ulikuwa mfupi kuliko wa jirani, na ungebaki hivyo maisha yote, lakini utando uliuzunguka wote. Ndipo daktari akalirudisha jino kwenye waya, kwa waya mwembamba kama unywele. Lilisogea polepole sana. Miezi minane baadaye lilikuwa limekaa kwenye mstari. Ujivu ulipunguzwa kwa dawa ya kung'arisha kutoka ndani.

Wakati huo Chiriku alikuwa amerudia maneno yake mengi. Kabla ya kila miadi fundi aliuliza nyumbani, mezani, kama kuna mtu yeyote anayejua jino lolote lililogongwa. Mwanzoni watu walikuwa wanaangaliana. Baadaye walianza kujibu. Bibi alianza kutaja hata vitu asivyoulizwa.

Siku ya kufunguliwa waya, daktari aliuliza swali lake la kawaida. Tangu mara ya mwisho, kuna kilichogonga?

"Kipo," Chiriku alisema. "Jumanne. Mlango wa kabati la jikoni. Nilikuwa nachukua sukari, Bibi akanisemesha, nikageuka, mlango ukanirudia hapa, si kwenye jino lenyewe, kwenye mdomo, lakini jino lilihisi kidogo, halafu nikala mkate, maganda pia, halikuuma, halafu nikamwambia Mama, Mama akaangalia na tochi, akasema niseme."

Daktari aliligusa jino kwa kidole, akaligonga, akatazama ufizi. Hakuona kilichoharibika. Hata hivyo aliandika: Jumanne, mlango wa kabati.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, mikono magotini. Alikuwa hajui lolote kuhusu mlango huo. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, na hakuuliza swali hata moja.